Mteja Kaleta Nembo ya Klabu, Nichape?

Shikamoo Shangazi,

Nachapisha fulana nyumbani. Nilianza na fulana za mahafali za wenzangu chuoni, kazi ikawapendeza, wakaniletea ndugu na jamaa zao. Sasa napata oda za kwaya, za timu za watoto, za maduka madogo yanayotaka sare. Nina fremu za skrini, mashine moja ya kubana kwa joto na chumba nilichokigeuza karakana. Mdogo wangu hunisaidia kukausha na kukunja.

Mwezi huu kikundi cha mashabiki wa mpira kimeniletea oda kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Wanataka nembo ya klabu yao kifuani, na mgongoni uso wa mshambuliaji wao. Picha wamenitumia wao wenyewe na malipo ya awali nimeshapokea. Kabla sijaanza nikamwuliza mchapaji mmoja aliyenitangulia katika kazi hii. Akaniambia nisihangaike: mwenye kosa, kama lipo, ni mteja aliyeleta picha, nikibadilisha asilimia thelathini ya mchoro unakuwa wangu, na nikitaka usalama zaidi niandike kwa maandishi madogo kwamba si bidhaa rasmi ya klabu. Nimemsikia, lakini moyo haujatulia.

Yako na mengine. Rafiki aliyenichorea nembo ya biashara yangu nilimlipa fedha zake zote, lakini tangu aone oda zinaingia anasema nembo bado ni yake na anataka sehemu ya faida. Tena fulana ninazonunua kwa jumla zina lebo ya kiwanda shingoni. Nataka kuzikata nishone yangu, sijui kama naruhusiwa. Leseni sina, jina sijasajili, na mwenye nyumba hajui kwamba chumba chake kimekuwa karakana. Wengine wananishauri nisubiri biashara ikue kwanza ndipo nijiandikishe.

Nianzie wapi?

Mchapaji wa Chumbani

*

Marahaba mwanangu,

Oda ya mashabiki ndiyo inayokungoja, basi naanza nayo: usiichape kama ilivyo.

Wachapaji wengi wadogo wanaoniandikia humwogopa ofisa wa leseni na mtu wa kodi, wala hawajiulizi picha wanayoiweka kwenye skrini ni mali ya nani. Naona hofu yao imekaa upande usio wake. Ukikosa leseni, kwa kawaida utatozwa faini na kutakiwa kuikata. Ukichapa nembo ya wenyewe unaweza kupoteza mzigo wote, fedha ulizolipwa na hata vifaa.

Nembo za klabu kubwa husajiliwa kuwa alama za biashara, na usajili huo hufanywa kwa makundi ya bidhaa na huduma. Mpangilio unaotumika duniani ulitokana na Mkataba wa Nice wa mwaka 1957, una makundi 45, na mavazi yamo katika kundi la 25. Klabu haziachi kundi hilo, kwa sababu jezi na fulana zinaziingizia fedha nyingi. Kwa hiyo ukiiweka nembo kwenye fulana ya kuuza, umeingia palepale walipojiwekea ulinzi.

Sasa tuyaangalie uliyoambiwa. Kwamba kosa ni la mteja, si kweli. Sheria katika nchi nyingi humtazama aliyetengeneza nakala na aliyeiuza, na wewe umefanya yote mawili. Kutojua kunaweza kukupunguzia fidia au kukuepusha na kesi ya jinai, lakini dai la mwenye nembo linabaki. Na wewe huwezi tena kusema hukujua, maana barua yako yenyewe inaonyesha unajua. Nilitaja vifaa kwa makusudi. Mkataba wa TRIPS, unaohusu hakimiliki, alama za biashara na haki za namna hiyo, na unaozifunga nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani, unataka mahakama ziwe na uwezo wa kuamuru bidhaa zilizokiuka haki ziharibiwe, na vifaa ambavyo kazi yake kubwa ilikuwa kuzitengeneza viondolewe sokoni. Mkataba huohuo unataka pawepo adhabu ya jinai kwa anayeghushi alama ya biashara kwa kusudi na kwa kiwango cha biashara. Kwa hiyo hata mwenye chumba kimoja anaguswa.

Hiyo asilimia thelathini nimeisikia kwa wachapaji wengi, wengine husema kumi, wengine ishirini. Hakuna sheria ninayoijua yenye kipimo hicho. Kwenye hakimiliki mahakama huuliza kama umechukua sehemu muhimu ya kazi ya mwenzako, na sehemu muhimu inaweza kuwa ndogo sana kwa ukubwa. Kwenye alama ya biashara huuliza kama mnunuzi wa kawaida anaweza kudhani bidhaa imetoka kwa mwenye alama. Ukimgeuza simba wa nembo aangalie kushoto na kumpunguzia nyota moja, shabiki bado ataitambua klabu yake, na ndiyo sababu anainunua.

Na maandishi ya "si bidhaa rasmi" yamekwisha kujaribiwa mahakamani. Mchuuzi mmoja aliuza skafu na mavazi yenye alama za Arsenal karibu na uwanja wa klabu hiyo London kwa miaka mingi, na kibanda chake kilikuwa na bango lililowaeleza wateja kwamba bidhaa si rasmi. Klabu ikamshtaki. Kesi ikafika Mahakama ya Haki ya Ulaya mwaka 2002, kisha Mahakama ya Rufani ya Uingereza ikaipa Arsenal ushindi mwaka 2003. Moja ya hoja ilikuwa kwamba bango linabaki kibandani, wakati skafu inaondoka na kuonekana na watu ambao hawakulisoma. Maandishi yako madogo chini ya fulana yatakuwa na nguvu gani zaidi ya lile bango?

Bado uso wa mshambuliaji. Hapa kuna haki mbili, na watu huziona kama moja. Picha ni ya aliyeipiga. Chini ya Mkataba wa Berne wa 1886 hakimiliki huanza kazi inapotengenezwa, bila kusajiliwa popote. Ulinzi wa chini kabisa kwa kazi nyingi ni maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa picha za kamera ni angalau miaka 25, na nchi nyingi hutoa zaidi. Kwa hiyo picha iliyopatikana kwenye intaneti ina mwenyewe hata kama jina lake halionekani. Haki ya pili ni ya mchezaji juu ya sura yake. Duka la Topshop liliuza fulana yenye picha ya mwimbaji Rihanna, na ruhusa ya mpiga picha lilikuwa nayo. Bado lilishindwa mahakamani Uingereza mwaka 2013, na rufaa yake ikakataliwa 2015, kwa sababu wanunuzi wangeweza kuamini kwamba Rihanna mwenyewe ameidhinisha fulana ile. Nchi nyingine zinakwenda mbali zaidi na kumpa kila mtu haki ya kukataza sura yake itumike kibiashara.

Haya yote hayaui oda. Warudie mashabiki, uwaeleze wazi, kisha wape njia mbili. Ya kwanza, fulana za kikundi chao wenyewe: jina la kikundi, mwaka kilipoanzishwa, mchoro mpya utakaouchora wewe, maneno waliyoyatunga wao. Epuka jina la klabu, nembo yake na kaulimbiu zake. Ya pili, kama kikundi chao ni tawi linalotambuliwa na klabu, waombe ruhusa ya maandishi. Barua hiyo isiishie kuwataja wao; itaje kazi yenyewe, idadi ya fulana, muda, na kwamba kikundi kinaweza kumpa mchapaji kazi hiyo. Ujumbe wa simu kutoka kwa kiongozi wa tawi hautoshi. Wakikataa zote mbili, rudisha malipo ya awali na utunze uthibitisho kwamba umerudisha.

Kuanzia sasa usipokee oda kwa mdomo. Andaa fomu ya ukurasa mmoja: idadi, saizi, rangi, tarehe ya kukabidhi, mchoro wa mfano uliosainiwa, na sentensi kama hii: "Mteja anathibitisha kwamba picha, maneno na nembo alizoleta ni zake au ana ruhusa ya kuzitumia, na atamlipa mchapaji gharama na fidia yoyote itakayotokana na madai ya mtu mwingine." Uelewe inakusaidia wapi. Mwenye nembo hafungwi na fomu hiyo, bado anaweza kukushtaki. Inakupa haki ya kumfuata mteja wako baadaye, kama bado yupo na ana kitu. Kwa hiyo fomu haichukui nafasi ya kukataa kazi ambayo unaona kwa macho yako kwamba si halali.

Mchoro wa mfano uliosainiwa unakulinda na jambo jingine pia. Wateja hugundua kosa la herufi baada ya fulana themanini kukauka. Katika Umoja wa Ulaya, mnunuzi wa mtandaoni ana siku 14 za kubadili mawazo, ila haki hiyo haihusu bidhaa iliyotengenezwa kwa maelezo yake mwenyewe. Nchi nyingine nyingi zina kanuni inayofanana. Lakini kasoro iliyotoka kwako ni yako. Wino wa plastisoli, yaani wino wa plastiki wa kuchapia nguo, kwa kawaida hutaka joto la kama nyuzi 160 za Selsiasi hadi ndani ya tabaka lake ndipo ukomae. Ukikauka juu tu, chapa itabanduka kwenye kufua, na mteja atakuwa na haki ya kurudishiwa fedha hata kama kwenye risiti uliandika "bidhaa ikishauzwa hairudishwi".

Kabla sijaondoka kwenye picha: alama nyingine watu huzidhani ni za wote. Msalaba mwekundu juu ya nyeupe unalindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949 na sheria za nchi zilizoiridhia, kwa hiyo usiuweke hata kwenye fulana za kikundi cha huduma ya kwanza. Pete tano za Olimpiki zina mkataba wao wenyewe, uliotiwa saini Nairobi mwaka 1981. Ngao ya taifa na nembo za serikali zina masharti karibu kila mahali. Mabaka ya kijeshi ni kosa kwa raia kuyavaa katika nchi kadhaa za Afrika na Karibi, basi ulizia kabla ya kununua vitambaa vya namna hiyo. Na aina za maandishi unazopakua bure, soma leseni yake; nyingi ni bure kwa matumizi binafsi tu, na fulana ya kuuza si matumizi binafsi. Ukitumia michoro ya akili mnemba, fahamu kwamba Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani haisajili kazi isiyo na mkono wa binadamu, kwa hiyo jirani akiinakili huenda usiwe na la kumwambia.

Rafiki yako mchoraji. Hili litakuuma, lakini anaweza kuwa na haki. Mfanyakazi aliyeajiriwa akichora kazini, kwa kawaida hakimiliki ni ya mwajiri. Mchoraji wa kujitegemea akichora kwa malipo, katika nchi nyingi hakimiliki inabaki kwake mpaka aihamishe kwa maandishi yenye saini. Fedha ulizolipa zinakupa angalau ruhusa ya kuitumia nembo kwa kazi mliyokubaliana, na hazimpi yeye faida ya biashara yako, isipokuwa kama mliahidiana. Usigombane naye. Kaa naye, mkubaliane kiasi cha mara moja, mwandike karatasi inayosema anakuhamishia hakimiliki yote ya mchoro huo, mkiuambatanisha, kisha msaini mbele ya shahidi. Akidai kisichowezekana, ni nafuu uchorewe nembo nyingine sasa, wakati wanaoijua ya zamani bado ni wachache.

Ukishaipata nembo iliyo yako kweli, ndipo ufikirie kuisajili. Wachapaji wengi huteleza hapa: kusajili jina la biashara hakukupi alama ya biashara. Msajili wa majina huangalia kama jina limeshachukuliwa kwenye daftari lake. Haangalii alama za biashara za watu, na mwenye alama anaweza kukujia hata ukiwa na cheti cha jina ukutani. Tafuta kwenye madaftari yote mawili kabla ya kuchapa kadi na mabango. Kama utauza fulana kwa jina lako, omba kundi la 25. Kama unawachapia wengine, huduma hiyo iko kundi la 40. Ulinzi unaishia kwenye mipaka ya nchi uliyosajili, na katika nchi nyingi unadumu miaka 10, kisha unaulipia upya.

Lebo ya shingoni unaweza kuibadilisha mahali pengi, mradi huwadanganyi watu. Tatizo ni kwamba lebo ile hubeba zaidi ya jina la kiwanda. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2011 inataka vazi lionyeshe nyuzi zake kwa asilimia. Marekani inataka nyuzi, nchi lilikotengenezwa, jina au namba ya mhusika, na maelekezo ya kufua. Anayeikata lebo huchukua jukumu la kurudisha taarifa hizo kwa jina lake. Kwa hiyo kabla ya kukata, nakili kila kilichoandikwa, kisha kiwekwe kwenye lebo yako bila kubadilisha. Kuchapa kwako fulana hakugeuzi nchi iliyoishona. Waulize wauzaji wa jumla kama wana fulana zenye lebo ya kuchanika. Zipo kwa ajili ya wachapaji kama wewe. Na zile alama za ufuaji, za beseni, pembetatu na pasi, usizinakili ovyo: katika nchi nyingi zimesajiliwa na GINETEX, chama kilichoanzishwa Paris mwaka 1963. Ukitaka usalama, andika kwa maneno: fua kwa maji ya baridi, usipige pasi juu ya chapa.

Umesema unachapia timu za watoto, na hapo nakuomba uwe mkali kwa nafsi yako. Baadhi ya wino za plastisoli zilitengenezwa kwa ftalati, kemikali za kulainisha plastiki, na baadhi ya rangi zimewahi kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Marekani iliweka sheria kali ya bidhaa za watoto mwaka 2008. Ulaya tangu Novemba 2020 inaweka mipaka kwa kemikali 33 katika mavazi, ya wakubwa na wadogo. Hata kama nchi yako haijafika huko, mtoto anatafuna ukosi wa fulana ileile. Mwombe muuza wino karatasi ya usalama ya bidhaa na uthibitisho kwamba haina ftalati. Asiye nayo, usinunue kwake wino wa mavazi ya watoto. Sweta zenye kofia za watoto wadogo zisiwe na kamba shingoni, kwa kuwa kamba hizo zimenyonga watoto na nchi kadhaa zimezipiga marufuku. Orodha ya majina na umri wa watoto unayotumiwa na kocha uitunze vizuri na uifute kazi ikiisha. Nchi nyingi sasa zina sheria ya taarifa binafsi.

Baki la wino na dawa ya kuoshea skrini visimwagwe kwenye sinki. Ofisi ya mazingira ya eneo lako itakuambia vinapelekwa wapi.

Karatasi za biashara ni rahisi kuliko unavyodhani. Usisubiri ikue. Kodi katika nchi nyingi inaanza na mapato, haisubiri cheti, na ukichelewa hudaiwa ya nyuma pamoja na riba. Sajili jina, pata namba ya mlipakodi, kata leseni, fungua akaunti ya benki iliyo mbali na fedha zako za nyumbani, toa risiti kwa kila oda. Uliza kiwango cha mauzo kinachokulazimu kujisajili kwa kodi ya ongezeko la thamani, ili usikivuke bila kujua. Kampuni inaweza kusubiri kidogo, ila fahamu kwamba bila kampuni, deni la biashara linaweza kudaiwa kwenye mali zako binafsi. Mdogo wako, akiwa analipwa au anakuja kwa zamu, sheria inaweza kumhesabu mfanyakazi. Mwandikie makubaliano, na akiwa hajafikisha umri wa kuajiriwa, asiiguse mashine ya joto.

La mwisho ni mwenye nyumba. Soma mkataba wako wa pango. Mingi inakataza biashara ndani ya makazi, na halmashauri nyingi zina masharti ya maeneo, umeme na zimamoto kwa karakana hata ndogo. Tena bima ya kawaida ya nyumba mara nyingi hailipi moto uliotokana na biashara ambayo haikuelezwa. Moto ukitokea usiku na mashine yako ikawa chanzo, deni la nyumba nzima litakuja kwako. Nenda ukamwambie kabla hujanunua mashine ya pili, mweleze unafanya nini na unatumia umeme kiasi gani, na akikubali, mwombe aandike.

Shangazi